Vinasaba Kwenye Kucha za Marehemu: Uchambuzi wa Kisa cha Mshtakiwa Aliyekuwa Kitandani Hospitalini

Usuli

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2012. Majina ya wahusika, ya mji na ya idara zilizoshughulikia kesi yameachwa, kwa kuwa kinachotafutwa ni namna ushahidi wa kisayansi ulivyokusanywa, ulivyosomwa na ulivyotumiwa. Aliyeuawa ataitwa marehemu, mshtakiwa aliye kiini cha uchambuzi huu ataitwa Bwana K, na wengine watatajwa kwa kazi zao.

Marehemu alikuwa mtu mwenye mali, akiishi katika nyumba kubwa kwenye kitongoji cha matajiri. Bwana K hakuwa na makazi. Alilala mitaani katika mji wa jirani, alikunywa pombe karibu kila siku, na kumbukumbu yake ilikuwa imedhoofika. Huko nyuma aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la kuvunja nyumba, na kutokana na hukumu hiyo wasifu wa vinasaba (DNA) vyake, yaani orodha ya alama za kimaabara zinazomtambulisha, ulikuwa tayari umehifadhiwa katika hifadhidata ya jinai. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba watu hawa wawili walifahamiana.

Ili kisa kieleweke, yafaa kukumbuka kwanza uwezo wa kipimo chenyewe. Tangu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alipogundua mwaka 1984 kwamba vinasaba vinaweza kumtofautisha mtu mmoja na mwingine, njia za maabara zimebadilika sana. Mwanzoni zilihitajika damu au mbegu za kiume za kutosha kuonekana kwa macho. Baadaye ilipatikana mbinu ya kurudufisha vipande vya vinasaba mara mamilioni, na maabara ikaweza kutoa wasifu kamili kutokana na chini ya nanogramu moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Seli moja ya binadamu hubeba takriban pikogramu sita hadi saba za vinasaba, na pikogramu elfu moja hufanya nanogramu moja, kwa hiyo nanogramu moja ni mavuno ya seli zisizozidi mia mbili hivi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kushika kitu tu kwa mkono kunatosha kuacha vinasaba vinavyopimika, na kwamba vinasaba hivyo vinaweza kuhamia kwa mtu mwingine anayekishika kitu hicho baadaye. Ugunduzi huo ulikuwa umechapishwa miaka kumi na mitano kabla ya tukio tunalolichambua.

Mtiririko wa tukio

Usiku wa tukio, wanaume kadhaa waliingia nyumbani kwa marehemu kwa nia ya kuiba. Walimfunga, wakamziba mdomo kwa utepe wa gundi, wakamshambulia pia mwanamke aliyekuwa akiishi humo, kisha wakaondoka na mali. Mwanamke huyo alifanikiwa kupiga simu ya dharura. Polisi na wahudumu wa gari la wagonjwa walifika, lakini marehemu hakuokolewa. Alikufa kwa kukosa hewa.

Wapelelezi walikusanya vielelezo vingi. Vitatu ndivyo vinavyotuhusu: glavu za mpira zilizoachwa jikoni, utepe wa gundi uliotumika kumfunga na kumziba marehemu, na kucha za marehemu zilizokatwa ili zipimwe. Maabara ilipata vinasaba vya watu wa nje katika vyote vitatu. Wasifu uliotoka kwenye glavu na ule uliotoka kwenye utepe uliwaelekeza wapelelezi kwa vijana wa mji mwingine, na upelelezi wa kawaida ukawaunganisha vijana hao na kisa kwa njia nyingine pia. Wasifu uliotoka kwenye kucha ulilingana na wa Bwana K.

Alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo kwa mazingira yake lingeweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Alipoulizwa na wakili wake, hakuweza kukanusha kwa uhakika. Alisema hakumbuki kufanya jambo kama hilo, lakini kwa vile alikuwa mlevi kupindukia nyakati hizo, hakuona namna ya kusema kwamba haiwezekani.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kumshtaki haukuwa wa kizembe ukiutazama kwa macho ya siku ile. Wapelelezi walikuwa na maiti iliyofungwa kwa utepe, kucha zenye vinasaba vya mtu mwingine, na mtu huyo akiwa na rekodi ya kuvunja nyumba. Kucha zina uzito wa pekee katika kesi za mashambulizi, kwa kuwa hufikiriwa kwamba anayepigania uhai wake humkwaruza anayemshambulia. Picha ilijikamilisha yenyewe vichwani mwao kabla ya mtu yeyote kuuliza swali la pili.

Kilichokosekana ni uhusiano kati ya Bwana K na washukiwa wengine. Waliotafuta uhusiano huo waliupata wa aina fulani: iligundulika kwamba aliwahi kuwa mahabusu mahali pamoja na mtu aliyefahamiana na mmoja wa washukiwa. Jambo hilo lilichukuliwa kuwa kiungo kilichokuwa kikitafutwa. Swali la jinsi mlevi asiye na gari wala simu ya kudumu alivyosafiri hadi kitongoji hicho, akashiriki wizi uliopangwa, kisha akarudi mitaani bila chochote mkononi, liliachwa kando.

Wakili wa utetezi, kwa upande wake, hakuanza kwa kupinga vinasaba. Aliamini, kama karibu kila mtu mwingine, kwamba maabara haikukosea. Aliagiza rekodi za matibabu za mteja wake kwa lengo tofauti kabisa: alitaka kuonyesha kwamba Bwana K alikuwa na madhara ya ubongo, ili hoja hiyo isaidie kumwepusha na adhabu ya kifo endapo angetiwa hatiani. Mpelelezi wa utetezi aliyezipitia rekodi hizo ndiye aliyeiona tarehe.

Usiku wa mauaji, Bwana K alikuwa amelazwa. Saa kadhaa kabla ya uvamizi, wahudumu wa gari la wagonjwa walimkuta amelewa chakari mjini, wakampeleka hospitali, naye akabaki huko chini ya uangalizi hadi asubuhi. Kiwango cha pombe katika damu yake kilikuwa mara kadhaa ya kile kinachokatazwa kwa dereva. Rekodi za wauguzi zilionyesha kwamba aliangaliwa mara kwa mara usiku kucha. Utetezi wa namna hii, yaani mtuhumiwa kuwa mahali pengine wakati wa kosa, mara nyingi hutegemea neno la ndugu au rafiki. Huu ulitegemea karatasi zilizoandikwa na watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumlinda.

Hapo likabaki fumbo. Maabara ilirudia kazi yake, na jibu likabaki lilelile: vinasaba ni vya Bwana K. Sampuli haikuwa imebadilishana na nyingine. Upande wa mashtaka wenyewe, ulipolinganisha kumbukumbu za huduma za dharura, ndio uliogundua kwamba wahudumu wawili waliombeba Bwana K mapema usiku ule ndio walioitwa baadaye nyumbani kwa marehemu. Walimgusa mmoja, kisha wakamgusa mwingine, katika zamu moja.

Matokeo

Mashtaka dhidi ya Bwana K yalifutwa baada ya kukaa rumande takriban miezi mitano. Maelezo yaliyokubalika zaidi kuhusu njia ya uhamisho ni kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, kile kinachobanwa kwenye ncha ya kidole, ambacho wahudumu walikitumia kwa wagonjwa wote wawili. Njia nyingine, kama vile nguo za wahudumu au mikoba ya vifaa, hazikuweza kuondolewa kabisa, na hakuna kipimo kinachoweza leo kusema kwa yakini ni ipi kati ya hizo.

Kesi dhidi ya washtakiwa wengine iliendelea. Katika mojawapo ya mashauri hayo, utetezi ulitumia habari za Bwana K kujenga hoja kwamba ikiwa vinasaba vyake vilifika kwa marehemu bila yeye kuwapo, basi vya mshtakiwa huyu navyo vingeweza kufika hivyohivyo. Baraza la wazee wa mahakama halikuikubali hoja hiyo, likamtia hatiani.

Uchambuzi: swali lililojibiwa na swali lililoulizwa

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama habari ya sayansi iliyoshindwa, na wengi wamekisoma hivyo. Naona si sahihi. Maabara iliulizwa vinasaba hivi ni vya nani, ikajibu, na jibu lake lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kosa lilifanyika pale jibu hilo lilipochukuliwa kuwa jibu la swali jingine ambalo hakuna aliyelipeleka maabara, yaani vinasaba hivi vilifikaje hapa, na lini.

Wataalamu wa tafsiri ya ushahidi hutenganisha ngazi tatu za madai. Ya kwanza ni ya chanzo: nyenzo hii imetoka kwa mtu fulani. Ya pili ni ya tendo: mtu huyo alimkwaruza, alimshika au alimfunga marehemu. Ya tatu ni ya kosa: mtu huyo ndiye muuaji. Ngazi ya tatu ni ya mahakama peke yake. Ngazi ya kwanza maabara huijibu kwa takwimu zenye nguvu kubwa. Wakati ule wasifu wa kawaida nchini Marekani ulitazama sehemu 13 za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba, na tangu mwaka 2017 sehemu hizo ni 20, kiasi kwamba uwezekano wa watu wawili wasio ndugu kulingana kikamilifu kwa bahati ni mdogo mno. Hatari ni kwamba ukubwa wa namba hiyo humvuta msikilizaji apande nayo hadi ngazi ya pili. Mtu anayeambiwa kwamba uwezekano wa kulingana kwa bahati ni mmoja katika mabilioni, husikia kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja katika mabilioni. Hizo ni hesabu mbili zisizohusiana. Namba ya kwanza haisemi lolote kuhusu kibanio cha kidole.

Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, anakumbukwa kwa kanuni kwamba mgusano huacha alama. Wanafunzi wa upelelezi huisoma kanuni hiyo kwa upande mmoja: mhalifu aligusa, kwa hiyo ameacha alama. Kisa hiki kinaikamilisha bila kuipinga, kwa sababu daktari naye hugusa, mhudumu naye hugusa, na vifaa vyao navyo hugusa, na alama zinazoachwa hazina lebo ya nani alizileta. Kwa kiwango cha damu iliyomwagika, jambo hili halikuwa na madhara makubwa, kwani hakuna anayehamisha dimbwi la damu bila kujua. Kwa kiwango cha seli mia mbili, linabadilisha maana ya kila kielelezo.

Kucha zilistahili uzito ziliopewa?

Hapa ndipo uamuzi wa wapelelezi unapostahili kuchunguzwa kwa undani zaidi, kwa sababu hoja ya kucha haikuwa ya kipuuzi. Inategemea, hata hivyo, mambo ambayo hayakuulizwa mapema. La kwanza ni mahali kwenye kucha. Nyenzo inayopatikana chini ya kucha, ikiwa pamoja na ngozi au damu inayoonekana kwa hadubini, huunga mkono dai la kukwaruza. Nyenzo iliyo juu ya kucha au pembeni yake ina maelezo mengi zaidi. Kucha inapokatwa na kupimwa nzima, pande hizo huchanganyika, na tofauti hiyo hupotea na hairudi tena. Kifaa cha kupimia oksijeni hubana ncha ya kidole juu na chini, yaani hugusa palepale panapokatwa kucha. Mtu angetaka kubuni njia ya kuhamisha seli za mgonjwa mmoja hadi kwenye kucha za mwingine, asingepata nzuri kuliko hiyo.

La pili ni mwili wa mshukiwa. Dai la kukwaruzwa lina upande wa pili unaoweza kukaguliwa: aliyekwaruzwa hubaki na mikwaruzo kwa siku kadhaa. Katika kesi hii mshukiwa alikamatwa baada ya muda kupita, kwa hiyo ukaguzi huo haukuwa na faida kubwa. Lakini rekodi ya hospitali ya usiku uleule ilikuwapo, na ilikuwa inapatikana kwa yeyote ambaye angeiomba kwa utaratibu wa kisheria.

La tatu ni kupatana kwa vielelezo. Glavu na utepe vililetwa na wahalifu wenyewe; vinasaba vilivyo ndani ya glavu au kwenye upande wenye gundi wa utepe huwa na maelezo machache yanayoweza kukubalika zaidi ya kuvaa glavu hizo au kuushika utepe huo. Kucha zilikuwa sehemu ya mwili ulioshughulikiwa na watu wengine baada ya wahalifu kuondoka. Ndiyo maana naona baraza lilikuwa na haki ya kuikataa hoja ya mshtakiwa aliyejificha nyuma ya kisa cha Bwana K. Uwezekano wa vinasaba kuhama si kanuni ya kufuta kila kielelezo. Ni swali la kuulizwa kwa kila kielelezo peke yake, na majibu yake hutofautiana. Aidha, ushahidi dhidi ya washtakiwa wale ulitegemezwa na mambo mengine, ilhali dhidi ya Bwana K, mbali na ile hadithi ya kufungwa pamoja na rafiki wa mshukiwa, hapakuwa na kitu kingine.

Hadithi hiyo nayo ina funzo lake. Ukichukua mtu yeyote mwenye rekodi ya jinai katika eneo moja, halafu ukatafuta kama aliwahi kukaa mahabusu pamoja na mtu anayemfahamu mshukiwa, utapata jibu la ndiyo mara nyingi kuliko unavyodhani. Kiungo kilichopatikana baada ya mlingano wa vinasaba, na kwa kutafutwa kwa sababu ya mlingano huo, hakiongezi nguvu mpya. Kinarudia tu imani iliyokuwapo tayari. Kipimo cha uaminifu kingekuwa kuuliza kama Bwana K angeingia kwenye orodha ya washukiwa endapo kucha zisingepimwa kamwe. Jibu ni hapana.

Kilichofanya kazi

Yapo mambo yaliyokwenda vizuri, ingawa kwa kuchelewa. Hospitali iliandika nyakati kwa usahihi na kuzihifadhi. Huduma ya dharura ilikuwa na kumbukumbu zinazoonyesha ni wahudumu gani walikwenda wapi na saa ngapi. Waendesha mashtaka, walipopewa rekodi za matibabu, hawakung'ang'ania; walitafuta maelezo yanayopatanisha ushahidi wote, nao ndio waliogundua njia ya uhamisho. Hili la mwisho lisidharauliwe, maana upande wa mashtaka ungeweza kudai kwamba rekodi za hospitali zina makosa au kwamba mgonjwa alitoroka kitandani.

Lakini mpangilio wenyewe wa ugunduzi unatia wasiwasi. Rekodi iliyomwokoa Bwana K iliombwa kwa ajili ya kupunguza adhabu, na kama shtaka lake lisingekuwa la kifo huenda isingeombwa kwa wakati, au isingeombwa kabisa. Mtuhumiwa mwenye kumbukumbu nzuri angesema siku ya kwanza kwamba alikuwa hospitalini. Huyu hakuweza, na kutokuweza kwake kukanusha kulisikika kama nusu ya kukiri. Mpelelezi anayemhoji mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyeumia kichwa hapaswi kuhesabu ukimya wake wala mashaka yake juu ya nafsi yake kuwa ushahidi. Kazi ya kujaza pengo la kumbukumbu ni ya mpelelezi, na kwa mtu wa mitaani kazi hiyo huanzia hospitalini, kituo cha polisi na kwenye gari la wagonjwa, kwa kuwa hizo ndizo taasisi zinazomwandika.

Tatizo ambalo orodha za kawaida haziligusi

Maabara nyingi hutunza wasifu wa vinasaba vya watumishi wake, na idara nyingine hutunza vya askari wanaoingia eneo la tukio, ili uchafuzi utambuliwe haraka. Utaratibu huo una thamani kubwa. Nchini Ujerumani, kwa miaka mingi hadi 2009, polisi walimsaka mwanamke asiyejulikana ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye makosa ya kila aina, hadi ilipobainika kwamba vilitoka kwa mfanyakazi wa kiwandani aliyeshughulikia vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Wasifu wa wafanyakazi kama huyo ungekuwapo kwenye orodha, msako ungekoma mapema.

Kwa Bwana K orodha hiyo isingesaidia chochote. Vinasaba vilivyohama havikuwa vya mhudumu wala vya mtaalamu wa maabara. Vilikuwa vya mgonjwa wa kabla, mtu wa tatu ambaye hakuna orodha ya watumishi inayoweza kumjumuisha. Glavu za mhudumu nazo zingemlinda mhudumu mwenyewe na mgonjwa dhidi ya maambukizi, lakini kifaa kinachorudishwa mfukoni bila kufutwa hubeba alichokigusa. Hata kikifutwa kwa dawa ya kuua vijidudu, vinasaba vinaweza kubaki, kwani kilichokufa kibaiolojia bado kinasomeka maabara.

Kinga inayowezekana ni ya kumbukumbu. Taarifa ya eneo la tukio inapaswa kutaja kila mhudumu wa dharura aliyemgusa marehemu, vifaa alivyotumia na sehemu za mwili alizozigusa, pamoja na wito aliouhudumia kabla ya huo katika zamu ileile. Maabara inapaswa kupewa taarifa hiyo kabla ya kutafsiri matokeo ya ngazi ya tendo, wakati ikiendelea kufichwa habari za washukiwa ili isipendelee upande. Na mlingano unapotoka kwenye hifadhidata ukiwa peke yake, bila kielelezo kingine kinachoelekea kwa mtu huyohuyo, hatua ya kwanza kabla ya hati ya kukamata iwe kutafuta mtu huyo alikuwa wapi saa ya tukio. Katika kisa hiki, hatua hiyo ingehitaji ombi moja la rekodi kwa hospitali iliyokuwa mji wa jirani.